Samaki Aliyeitwa Sbur

Karani aliniuliza kama ninajua Kiarabu, nami nikasema ndiyo. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimekaa Doha miaka sita, na Kiarabu changu kilikuwa cha langoni: simama, karibu, karatasi yako iko wapi, pita. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema ndiyo kwa sababu niliulizwa mbele ya watu, na kwa sababu tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kupewa kazi yenye jina jingine ila mlinzi.

Ilikuwa Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, katikati ya mwongo wa kwanza wa miaka ya elfu mbili. Vita vya Iraki vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, lakini kambini kwetu vilikuwa ni picha kwenye televisheni ya ukumbi wa kulia, sauti ikiwa imezimwa. Nje jua lilikuwa limeyafanya maghala yaonekane kama yanaelea. Nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko nikimtazama Shofiq akipika samaki.

Shofiq alikuwa mpishi wa kambi. Alikuwa Mbengali wa Chandpur, mahali ambapo, kwa maelezo yake, mito mikubwa inakutana na mtu akisimama ukingoni haoni ng'ambo. Siku sita za wiki aliwapikia mamia ya vibarua wali na dengu. Ijumaa alijipikia mwenyewe ilish. Alimnunua katika duka la Wabengali kule Najma, akiwa mgumu kama ubao kwa barafu, akampakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Hakukubali ayeyushwe kwa maji ya moto. Alimweka kwenye beseni na kumwacha azinduke polepole, huku akipita kumtazama kila baada ya muda.

Ilish ni samaki wa fedha, mpana wa tumbo, mwenye mafuta mengi hata hukaangika kwa mafuta yake mwenyewe. Huishi baharini, lakini wakati wa kutaga ukifika hupanda mto dhidi ya mkondo. Ana miiba mingi kama nywele. Wabengali humpika kwa haradali iliyosagwa na pilipili mbichi, na kumla kwa vidole, taratibu, bila kuzungumza sana.

"Barasa bhai," Shofiq aliniambia siku hiyo, na bhai kwao ni kaka, "wewe unakula samaki kama polisi anayepekua mzigo wa msafiri."

"Na wewe unatafuna kama paka wa kwa padri," nikamjibu.

Nilimweleza juu ya ningu, samaki wa kwetu, ambaye mvua zikianza huacha ziwa na kupanda mto Nzoia. Naye ana miiba. Naye ni mtamu kuliko samaki wote wasio na miiba. Shofiq aliacha kutafuna.

"Anapanda mto?"

"Anapanda."

"Basi wewe ni Mbengali, ila hujaambiwa."

Tulizungumza kile kilugha cha Ghuba ambacho si cha mtu yeyote: Kihindi kidogo, Kiarabu kidogo, Kiingereza kilichovunjika. Hapa ninakiandika kwa Kiswahili, na kwa kweli hata katika kumbukumbu zangu Shofiq huongea Kiswahili.

Ndipo karani alipokuja. Kampuni ilitaka mpishi mmoja wa kwenda Iraki, karibu na Basra, kwenye kambi ndogo ya mafundi waliokuwa wakitengeneza pampu za maji kando ya mto. Mboga na nyama zingenunuliwa kwa wenyeji, kwa hiyo mpishi alihitaji mtu wa kumtafsiria.

"Mimi siendi," Shofiq akasema. "Mahali nisipojua lugha, nikiambiwa kuna bomu nitajibu asante."

Watu walicheka. Karani akatuzungushia macho. "Nani hapa anajua Kiarabu?"

Nikasema ndiyo.

Shofiq alinitazama. "Kweli unajua?"

"Kiswahili kimejaa Kiarabu," nikamwambia. "Samaki ni samak. Hatari ni khatar. Risasi ni rasas. Kwa vita, mtu anahitaji maneno gani zaidi?"

Walicheka tena, nami nikafurahi kuchekesha. Karani akaandika jina langu, na mbele yake akaandika mtafsiri. Niliusoma ule mstari kichwa chini, kutoka upande wangu wa meza. Shofiq alifuta vidole vyake taratibu.

"Basi ukienda wewe, na mimi nitakwenda," akasema. "Utakuwa masikio yangu."

*

Tulifika Basra kwa barabara kutoka Kuwait, katika msafara wa malori uliokimbia bila kusimama. Nakumbuka vumbi, na ngamia mmoja aliyesimama kando ya kifaru kilichoungua, akitafuna kitu. Kisha mitende ikaanza, safu baada ya safu, na kati ya mitende kulikuwa na maji.

Kambi ilikuwa na makontena kumi na mawili, ukuta wa udongo na magunia ya mchanga. Lango kubwa lilitazama barabara na lililindwa na askari wa kigeni. Mlango mdogo wa chuma ulitazama mto, na huko ndiko mboga zilikopitia. Ufunguo wa mlango huo nilikuwa nao mimi. Amri ilikuwa moja: mtu wetu yeyote asitoke kwenye mlango mdogo mpaka mtafsiri azungumze kwanza na mwenyeji aliye nje na kuridhika kwamba njia ni salama.

Mto wenyewe sikuweza kuuzoea. Mara mbili kwa siku ulirudi nyuma. Maji ya bahari yaliusukuma, nao ukaacha kwenda na kuanza kurudi ulikotoka, ukiingia kwenye mifereji ya mitende bila sauti. Asubuhi ukungu ulilala juu yake, na ng'ambo ilipotea kabisa. Shofiq alisimama mlangoni na kikombe cha chai akitazama weupe ule.

"Hapa ni kwetu," alisema siku ya kwanza. Aliyarudia maneno hayo mara nyingi.

Jirani yetu upande wa mto alikuwa Abu Karim, mzee mwenye shamba la mitende na mtumbwi mdogo. Ndiye aliyetuletea nyanya, vitunguu, mayai na mikate iliyookwa na mkewe. Aliniita Abu Samra, jina ambalo Wairaki humpa mtu mweusi kwa utani, nami sikukasirika. Siku za mwanzo nilitafsiri kwa vidole na kwa maneno yangu mia mbili, na mambo yalikwenda. Nyanya ni nyanya kwa mtu yeyote akiishika mkononi.

Mara moja nilitaka kumsifu. Nilitaka kumwambia kwamba ni mtu asiye na makuu, kwamba kufanya naye kazi ni rahisi. Nikamwambia, "Wewe ni mtu rakhis."

Uso wake ulibadilika. Aliweka kikapu chini. Mimi nikatabasamu na kurudia, nikidhani hakusikia. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

"Abu Samra, Kiarabu chako ulifundishwa na nani, mbuzi?" Alinieleza kwa mifano: nyanya ni rakhis, viatu ni rakhis. Rakhis kwao ni kitu cha bei ndogo. Nilikuwa nimemwambia kwamba ni mtu wa kununuliwa.

Nilipomsimulia Shofiq alicheka nusu saa. Aliliimba neno lile akikoroga sufuria. Mimi pia nilicheka. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusimama na kumwambia mkuu wa kambi kwamba sikijui Kiarabu, kwamba ninafuata vivuli vya maneno. Sikusema. Nilizidisha tu kutikisa kichwa watu walipozungumza.

Makombora yalikuja bila ratiba. Kulikuwa na mluzi, kisha kishindo, kisha mchanga uliodondoka juu ya mabati kama mvua inayoanza. Shofiq aliingia chini ya meza na mwiko mkononi. Baadaye alitoka, akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Siku nyingi hapakutokea lolote. Siku hizo ndizo ninazoziona zaidi: nguo zikikauka kwenye kamba, njiwa juu ya kontena, maji yakirudi nyuma.

Majira ya baridi yalipokwisha, Abu Karim alipanda mitende yake kwa mkanda wa kamba kiunoni, akiitia chavua kwa mkono, mti mmoja mmoja. Asubuhi moja alishuka, akaja mlangoni akiwa na unga wa njano kwenye ndevu, akatuambia kwamba karibu samaki atakuja. Alimchora mchangani kwa kijiti. Tumbo pana, mkia uliogawanyika. Alionyesha kwa mkono jinsi anavyotoka baharini na kupanda mto. Kisha akajishika koo na kukohoa, kuonyesha miiba.

Shofiq alichuchumaa juu ya mchoro ule. Hakugusa. "Ilish," alisema.

"Sbur," akasema Abu Karim.

"Ilish."

"Sbur!"

Walitajiana majina hayo mawili kama watoto wanaogombea kitu, wakicheka wote wawili. Shofiq akanigeukia na macho yake yalikuwa na maji. Nilimweleza kwa kujiamini kabisa: hapa ilish anaitwa sbur. Neno hilo ni kama subira kwa lugha yetu. Ukisikia sbur, ni samaki wako.

Hilo nilimfundisha mimi. Na kweli samaki yule ndivyo anavyoitwa. Lakini sikumfundisha, kwa kuwa sikufikiri, kwamba katika neno hilohilo, kwa kulifupisha kidogo na kutanguliza sauti ya u, Waarabu wana amri. Usbur. Subiri. Mtu aliyezaliwa akisema Kiswahili angepaswa kuisikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tukangoja wiki tatu. Shofiq aliomba haradali iletwe na msafara, nayo ikaja. Aliisaga kidogo kidogo ili kuijaribu. Kila asubuhi aliniuliza, "Mzee amesema nini?" Nami nilimjibu, "Bado." Usiku alisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimpa kichwa cha ilish yeye, na mkia nduguye mdogo Monir, na jinsi Monir alivyolia. Sasa Monir alikuwa amefika Doha, akifanya kazi ya vigae. Shofiq alisema akirudi atamwambia: nimemla ilish wa mto, wewe unakula wa barafu.

*

Asubuhi yenyewe ilikuwa na ukungu.

Nilifungua tundu la kuchungulia mlangoni. Njia ya kwenda mtoni ilikuwa ya hatua kama sitini, katikati ya mitende, na mwisho wake uliyeyuka katika weupe. Shofiq alikuwa nyuma yangu na beseni.

Nilimwona Abu Karim kwa mbali, amesimama ndani ya mtumbwi wake. Alipaza sauti.

Nikasikia: sbur.

Akapaza tena. Usbur, usbur.

Nikageuka. "Amempata samaki wako," nikasema, na nikafungua mlango.

Kama ningemtazama kidogo zaidi, ningeuona mkono wake. Miezi kadhaa baadaye niliuona akilini, kama mtu anavyoona kitu alichokipita barabarani: mkono umeinuliwa, vidole vitano vimekusanywa ncha kwa ncha, vikielekea juu, vikishuka na kupanda. Kila aliyewahi kuvuka barabara Doha anaijua ishara hiyo. Ni ngoja. Madereva huionyesha, polisi huionyesha, hata watoto. Lakini mimi nilikuwa nimeshageuka kumtazama Shofiq, kwa sababu nilitaka kuuona uso wake.

Alinipita akikimbia. Alikuwa amevaa kandambili.

Alifika kwenye mtende wa tano au wa sita.

Sikusikia kishindo. Nilisikia ukimya, kisha matawi makavu ya mitende yakishuka polepole, mengi, kana kwamba hayatakwisha.

Beseni lilizunguka ukingoni mwa njia, likalala.

*

Askari walimleta Abu Karim akiwa amefungwa mikono nyuma kwa mkanda wa plastiki. Katika mtumbwi wake walikuta sbur wawili chini ya gunia bichi. Wakawaleta pia, wakawaweka juu ya meza kama ushahidi. Walikuwa wakubwa, na bado waling'aa.

Afisa alikuwa kijana, mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Aliniuliza kwa Kiingereza, kwa upole. "Huyu mzee alisema nini?"

Abu Karim hakumtazama afisa. Alinitazama mimi. Aliongea polepole, kama mtu anavyoongea na mgeni. Alisema alfajiri aliwaona watu watatu wakichimba njiani na kutega bomu. Alisema aliogopa kuja kwa nchi kavu, akazunguka kwa mtumbwi ili atuonye. Nilimwelewa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilikielewa Kiarabu karibu chote.

"Abu Samra, waambie," akasema. "Nilisema usbur."

"Alisema nini?" afisa akarudia.

Nilijua. Nataka hilo liwe wazi kwa anayesoma, maana kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikuwa na hakika. Nilijua. Na nilijua pia kwamba nikilitafsiri neno lile inavyopaswa, swali litakalofuata ni kwa nini mlango ulifunguliwa, na ufunguo ulikuwa wa nani.

"Alisema sbur," nikasema. "Ni samaki."

"Alimwita aje kuchukua samaki?"

"Ndiyo."

Afisa akaandika. Abu Karim hakujua Kiingereza, lakini alielewa nimesema samaki aliponiona nikionyesha meza. Hakupiga kelele. Alinitazama vile alivyonitazama siku ile nilipomwita mtu wa kununuliwa, isipokuwa safari hii hakucheka mwishoni. Walimpandisha gari. Mkewe alikuja kwenye mlango mdogo siku nne mfululizo na mikate kichwani, akiuliza. Mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa kumwambia kwamba hatujui.

Wiki iliyofuata nilirudishwa Doha.

*

Doha ilikuwa inakua haraka kuliko mtu anavyoweza kusahau. Niliondoka nikaacha mchanga, nikarudi nikakuta winchi. Kampuni nyingine ikanichukua, nikawa mlinzi tena, na sikulalamika. Baadaye kanisa lilipofunguliwa Mesaimeer nilikwenda kila Ijumaa. Mara nyingi nilisimama kwenye foleni ya kuungama, na mara nyingi, wakibaki watu wawili mbele yangu, nilikumbuka kwamba basi litaniacha.

Monir alinitafuta. Alikuwa ameambiwa kwamba kaka yake alikufa akiwa na rafiki Mkenya. Alifanana na Shofiq kwa sauti tu. Aliniita bhai tangu siku ya kwanza, na kwa karibu miaka kumi alinitendea kama mkubwa wake. Nilipougua alinipikia uji wa wali. Alipooa kwao alinipigia simu niongee na bibi harusi. Kila tulipokutana alitaka nimsimulie siku za mtoni, nami nilimsimulia ukungu, mitende, mto unaorudi nyuma. Nilikuwa hodari wa kusimulia hayo. Nilipofika kwenye mlango wa chuma nilisema, "Kisha yule mzee akamwita," nikaishia hapo, naye alinishika bega.

Siku moja tulikuwa kwenye mkahawa wa vibarua kule Lusail, yeye akiwa na vumbi la vigae hadi kwenye kope. Alikuwa amepokea habari kwamba mama yao amefariki. Alisema alikufa kwa amani, lakini mpaka wiki ya mwisho, baada ya kila sala, alimwomba Mungu amlaani yule Mwarabu aliyemvutia mwanawe kwenye kifo kwa samaki.

"Kila sala?" nikauliza.

"Kila sala. Mara tano kwa siku. Sisi wote tulijibu amina."

Chai yangu ilikuwa imepoa. Nikamwambia. Nilimwambia neno la samaki na neno la ngoja, nikayatamka yote mawili, moja baada ya jingine. Nikamwambia kuhusu mkono, ufunguo, afisa, na ndiyo yangu.

Monir alisikiliza mpaka mwisho. Aliyarudia maneno yale mawili kwa sauti ndogo, kama anayejaribu uzito wake.

"Yanafanana," alisema.

"Yanafanana."

"Kwa hiyo asubuhi ulikosea." Alivuta pumzi. "Lakini mbele ya afisa hukukosea."

"Hapana. Sikukosea."

"Mama yangu amekwenda mbele ya Mungu na laana ya mtu aliyetaka kumwokoa mwanawe. Nani atamwambia sasa?"

Alisimama, akalipia chai zote mbili, akaniambia nisimpigie simu tena. Hakuniita bhai. Nilimtazama akivuka barabara kwenda kwenye jengo ambalo halikuwa na madirisha bado, mpaka nikashindwa kumtofautisha na wengine waliovaa kama yeye.

Sasa niko nyumbani, ni mzee, na watu wa kwetu hunitambulisha kwa wageni kama mtu aliyewahi kuwa mtafsiri vitani. Nimeacha kuwasahihisha mmoja mmoja, ndiyo maana nimeandika.

Nilipewa nafasi mbili za kusema ukweli kuhusu nilichokijua, moja Doha na nyingine Basra, na zote mbili nilijibu ndiyo. Ya kwanza ilimuua Shofiq, aliyekuja vitani kwa sababu aliniamini. Ya pili ilimpeleka Abu Karim nisikokujua, na sijawahi kusikia kwamba alirudi kwa mkewe. Mimi nimebaki hai, sina rafiki niliyempata katika miaka yangu ishirini ya ughaibuni, na familia mbili zina haki ya kulitaja jina langu katika sala zao.